Unga mmoja, namba tatu: kutafuta kosa kwenye vipimo vya sukari ya bitiruti

Masika yalikuwa yamekolea. Mama mmoja kutoka milima ya Lushoto aliingia kwenye chumba chetu cha maabara hapa Tanga mjini akiwa na mfuko wa unga wa bitiruti na karatasi ya mnunuzi iliyokunjwa mara nne. Karatasi ilisema unga una sukari asilimia 51, kwa hiyo umechanganywa na sukari ya dukani, na mzigo umekataliwa. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi, akavua kandambili zilizolowa. "Mwanangu, hiyo sukari wameitoa wapi? Mie sijatia hata kijiko."

Hesabu ya jikoni kwanza. Gramu 100 za bitiruti mbichi zina maji kama gramu 87 au 88, na sukari kama gramu 7. Ukiondoa maji, kinachobaki ni gramu 12 na kidogo, na 7 kati ya hizo ni sukari. Unga mkavu basi una sukari inayofikia nusu ya uzito wake au kuipita, kabla hujafungua mfuko wowote wa sukari ya dukani. Aliyeandika 51 hakukosea kupima, alikosea kushangaa. Bitiruti ya kachumbari na kiazisukari kinacholisha viwanda vya Ulaya ni spishi moja, na ni kwenye mizizi ya jamii hiyo Andreas Marggraf, kule Berlin mwaka 1747, alikokuta fuwele zilezile za sukari ya muwa.

Lakini nilipoupima mwenyewe, unga wa mama ulinipa namba tatu. Rifraktomita ilisema 64. Fehling ilisema 9. HPLC, mashine inayotenganisha sukari moja moja na kuipima kila moja, ilisema 50. Mtu asiyezoea angetupa unga au angetupa mashine.

Rifraktomita iko juu kuliko vipimo vyote

Hii si hitilafu. Rifraktomita haijui sukari, inajua tu mwanga unavyopinda ukipita kwenye maji yenye vitu ndani. Namba zake huitwa digrii za Brix: digrii moja ni gramu 1 ya sukrosi, ndiyo sukari ya dukani, katika gramu 100 za myeyusho, na hilo ni kweli pale tu kilichoyeyuka kikiwa sukrosi peke yake. Kwenye maji ya bitiruti kuna chumvi za potasiamu, nitrati, asidi, amino asidi na ile rangi inayotia doa kila koti la maabara. Vyote vinapinda mwanga na vyote vinahesabiwa kama sukari. Nilikoroga gramu 10 za unga kwenye gramu 90 za maji, nikachuja, nikasoma 6.4. Zidisha kwa kumi, kwa hesabu ya haraka, unapata ile 64. Pengo lake na 50 ndizo chumvi na wenzake.

Rifraktomita naitumia kulinganisha bitiruti na bitiruti, hasa shambani. Kwenye cheti siandiki namba yake kuwa ni sukari. Naandika yabisi zilizoyeyuka.

Rifraktomita haitulii

Mstari wa kivuli ukififia, kuna nyuzinyuzi kwenye tone, chuja upya. Namba ikipanda huku unaitazama, feni inakausha tone. Ikisoma chini kila siku, angalia joto: vifaa hivi husawazishwa kwa nyuzi 20, na chumba cha Tanga kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 30 bila kuomba ruhusa. Kwa nyuzi 30 usomaji hupungua karibu 0.8, na kwenye 6.4 hilo si jambo dogo. Kifaa chenye kujirekebisha kwa joto husaidia, ila nacho hakisaidii kama umedondosha sampuli ya moto kwenye kioo baridi ukasoma hapohapo. Weka sifuri kwa maji safi yaliyokaa meza moja na sampuli. Wengi wetu maji hayo tunayanunua vituo vya mafuta, yale ya kuongezea kwenye betri. Soma lebo mara mbili, maana rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri na madumu yanafanana kama mapacha.

Ulimi unaonja utamu, Fehling haioni kitu

Fehling ni chupa mbili: mrututu, yaani salfeti ya shaba, kwenye moja, kostiki na tartarati kwenye nyingine. Ukizichanganya na kuzichemsha na glukosi au fruktosi, bluu hugeuka mashapo mekundu ya rangi ya tofali. Sukrosi haifanyi hivyo. Ndani yake glukosi na fruktosi zimeshikana kwa ncha zilezile ambazo zingefanya kazi, kama watu wawili walioshikana mikono yote: hawana mkono wa kukupa wewe. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya sukari ya bitiruti ni sukrosi, Fehling iliyofanywa moja kwa moja inaona mabaki tu. Ile 9 ya mama ilikuwa glukosi na fruktosi, basi.

Ili kuiona sukrosi, ivunje kwanza. Tia asidi hidrokloriki, pasha hadi nyuzi 67 mpaka 70, shikilia joto hilo dakika 5, poza haraka, kisha zimua asidi kwa kostiki. Pima tena. Tofauti ya kabla na baada izidishe kwa 0.95, kwa sababu gramu 342 za sukrosi hunywa gramu 18 za maji zinapovunjika na kuwa gramu 360. Kwa unga wa mama: kabla 9, baada 52.2, tofauti 43.2, mara 0.95 ni 41. Ongeza 9 ya mwanzo unapata 50. Ndiyo namba ya HPLC, bila HPLC.

Kama namba ya baada ni ndogo kuliko ulivyotarajia, sababu ni mojawapo kati ya tatu. Bafu lilikuwa na nyuzi 70 lakini kimiminika ndani ya chupa hakikuwa nazo. Tia kipimajoto ndani ya chupa, si kwenye bafu. Au ulisahau kuzimua asidi, ikala kostiki ya Fehling. Au uliizimua ikiwa bado moto, ukapitiliza, na fruktosi, ambayo haivumilii kostiki ya moto, ikaharibika. Kila siku ya kazi pitisha gramu 1 ya sukrosi safi kwenye njia ileile. Inatakiwa irudi kama gramu 1.05 za sukari zilizovunjika. Isiporudi, acha kumtafuta mkulima.

Kijana mmoja wa Ngamiani aliwahi kuniambia juisi yake ya bitiruti "haina sukari", kaipima kwa kile kifaa cha kutoboa kidole. Kifaa kile kimetengenezwa kwa damu, na kinatafuta glukosi peke yake. Sukrosi inapita mbele yake kama mgeni asiyemjua.

Huoni rangi inapogeuka

Rangi ya bitiruti kwenye kostiki inageuka njano ya hudhurungi, na juu ya bluu ya mrututu unapata tope ambalo hakuna jicho linaloweza kulisoma. Isafishe sampuli kabla. Njia ya kawaida ni miyeyusho miwili ya Carrez: wa kwanza potasiamu ferosianidi ya njano, asilimia 15, wa pili zinki salfeti, asilimia 30. Unatia wa kwanza, unatikisa, unatia wa pili kwa ujazo uleule, unatikisa, unaacha dakika kumi, unachuja. Protini na sehemu ya rangi hushuka na mashapo. Rangi ikibaki nyingi, rudia kwa sampuli iliyotiwa maji zaidi badala ya kuongeza dawa.

Kuongeza dawa ndiko kunakoleta dalili ya pili: mashapo ya Fehling yanakuwa ya ajabu, kahawia badala ya mekundu, au hayashuki kabisa. Ferosianidi iliyozidi imebaki kwenye maji uliyochuja na sasa inaingilia shaba. Zinki ndiyo inayotakiwa kubaki kidogo, si hiyo. Na usije ukapasha ferosianidi pamoja na asidi kali: inaweza kutoa gesi ya sianidi. Kuna wazee wa kazi wanaosafisha kwa asetati ya risasi, na kweli inasafisha vizuri, lakini ni sumu, na mimi sioni sababu ya kuwa nayo kwenye chumba kinachopima kitu cha kunywewa.

Bluu imepotea, kisha imerudi

Hii ni kwa wanaofanya utitireshaji wa Lane na Eynon, wa mwaka 1923, yaani kudondosha sampuli kidogo kidogo kwenye Fehling inayochemka mpaka shaba iishe, ambao bado unatosha kabisa kwa karakana ndogo. Methilini ya bluu, rangi inayotiwa kuonyesha mwisho, hupoteza rangi shaba inapokwisha, lakini ikionja hewa inarudia bluu yake. Maana yake uliacha kuchemka. Mvuke unaotoka mdomoni mwa chupa ndio unaoifukuza hewa, kwa hiyo moto usizimwe, chupa isiinuliwe kutazamwa dirishani, na hatua ya mwisho iishe ndani ya dakika 3 tangu uchemke. Jiko la mafuta ya taa kwenye chumba chenye upepo halitakupa uchemkaji huo.

Gunia lilelile, Jumatatu na Ijumaa tofauti

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi na unga wa mama. Kabla ya kuuliza namba imepanda au imeshuka, tazama imebadilika vipi, maana kila badiliko lina mtu wake.

Sukrosi imeshuka, glukosi na fruktosi zimepanda kwa kiasi karibu sawa, jumla haijatetereka: sukrosi imevunjika. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na sukrosi ya kwenye mzizi uliokatwa inaufuata barabara. Kimeng'enya cha invatezi kimo ndani ya bitiruti yenyewe. Mzizi ukiwa mzima hakina nafasi kubwa, lakini kisu kikipita, maji ya seli yakachanganyika, kinaanza kazi. Unga wa mama ulikuwa na sukrosi 41, glukosi 4.6, fruktosi 4.4. Mbili hizo kwenda sawa hivyo ndiyo alama ya kidole ya sukrosi iliyovunjika. Nikamuuliza vipande alivianika siku ngapi. Akahesabu kwa vidole: "Siku nne, mvua haikuacha. Vingine tulivirudisha ndani usiku." Siku nne za unyevunyevu na vuguvugu ni karamu kwa invatezi, na kwa chachu pia.

Lakini kabla ya kumtwisha mama mzigo wote, nilijipima na mimi. Wengi tunaloweka unga kwenye maji ya kawaida, tunaenda kula, tunarudi. Kama kimeng'enya hakikufa wakati wa kukausha, kinafufuka ndani ya chupa yetu. Jaribio lake ni rahisi. Gawa unga mara mbili. Nusu moja itie moja kwa moja kwenye ethanoli ya asilimia 80 iliyo moto, pamoja na chembe ya chokaa ya kalsiamu kabonati ya kutuliza asidi ya mzizi. Nusu nyingine iloweke kwenye maji ya chumba saa tatu, kisha uitendee vilevile. Zikitofautiana, umevunja wewe. Kwangu zilitofautiana: sukrosi ya chupa iliyolowekwa ilikuwa 36. Tangu siku hiyo sijaloweka tena.

Jumla yote imeshuka na unga unanukia uchachu: chachu imekula. Mara nyingi chachu huanza na glukosi, kwa hiyo utakuta fruktosi imebaki mbele. Jumla imeshuka, hakuna uchachu, lakini rangi imeelekea kahawia na harufu ni ya kitu kilichochomwa: ulikausha kwa moto mkali, glukosi na fruktosi zikaungana na amino asidi. Rangi nyekundu huwa imeshaondoka pamoja nazo, kwa hiyo hapa jicho linatangulia mashine.

Kila kitu kimeshuka kwa uwiano uleule, sukrosi, glukosi na fruktosi pamoja: hakuna kilichopotea, unga umekunywa hewa. Unga wenye fruktosi unavuta unyevu kama chumvi ya kwenye kopo la jikoni, na hewa ya pwani haina uchoyo. Mfuko uliofunguliwa Jumatatu na kufungwa kwa mpira unakuwa na mabonge Ijumaa. Pima unyevu siku ileile unayopima sukari, na andika sukari kwa msingi wa unga mkavu. Asilimia 50 kwenye unga wenye unyevu 8 ni 54.3 kwenye mkavu. Unga huohuo ukifika unyevu 14 utasoma 46.7, na mtu atasema mkulima kabadilisha shamba.

Unyevu wenyewe una mtego wake. Oveni ya nyuzi 105, tuliyoizoea kwa mahindi, inaunguza fruktosi. Uzito unaendelea kushuka saa baada ya saa na wewe unadhani ni maji. Tumia oveni ya ombwe, nyuzi 70. Huna? Basi punguza joto, ongeza muda, pozea kwenye chombo chenye silika, na pima haraka, maana unga mkavu kwenye mizani ya Tanga unaongezeka uzito ukiuangalia.

Sababu ya mwisho ni ya aibu kwa sisi tulio mezani: gunia halikuchanganywa. Unga mwepesi wa nyama ya mzizi na chembe nzito za ganda hazikai pamoja safarini. Barabara ya Soni hadi Mombo ina kona za kutosha kuutenganisha. Chota juu, katikati na chini, changanya, ndipo upime.

Dalili za HPLC

Hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa wenye mashine hizi wana vitabu vyake.

Glukosi na fruktosi zimebadilishana majina. Umebadili kolamu, ule mrija unaotenganisha sukari, bila kubadili kichwa. Kolamu ya amino, yenye asetonitrili na maji, hutoa fruktosi kwanza, kisha glukosi, kisha sukrosi, na rafinosi, sukari nyingine, nyuma kabisa. Kolamu ya kalsiamu, inayotumia maji matupu kwenye nyuzi 80 hadi 85, inageuza msafara: sukrosi mbele, glukosi katikati, fruktosi nyuma. Pitisha kila sukari peke yake kabla ya kuamini grafu.

Mstari wa chini unapanda na kushuka kama bahari ya kaskazi. Kigunduzi cha mwanga kupinda kinahisi joto kuliko mgonjwa wa malaria. Kiyoyozi kisikipulizie, na umeme ukikatika na kurudi, usikimbilie kuingiza sampuli. Kipe saa mbili. Toa hewa kwenye kimiminika pia.

Glukosi inapungua wiki hadi wiki, hata kwenye stendadi, ile sukari safi ya kulinganishia. Kolamu ya amino imezeeka. Glukosi inashikana nayo na haitoki yote. Stendadi ikishuka pamoja na sampuli, usimshtaki mtu.

Sukrosi ndogo na glukosi kubwa kwenye kolamu ya moto, wakati Fehling inasema vingine. Sampuli yako ina asidi na kolamu iko nyuzi 85, kwa hiyo unaivunja sukrosi ndani ya mashine. Zimua kwanza. Kolamu ya aina ya hidrojeni itaivunja hata ukizimua, kwa hiyo kwa bitiruti usiiguse.

Je, kuna kitu kimetiwa?

Swali la mnunuzi lilikuwa la haki, ila alilijibu kwa kipimo kisichoweza kulijibu. Sukrosi ya muwa na ya bitiruti ni kitu kimoja, na hakuna Fehling wala HPLC itakayozitenganisha. Kinachozitenganisha ni kiasi cha kaboni-13, aina nzito ya kaboni: sukari ya muwa huwa karibu −11 kwa elfu, ya bitiruti karibu −26, kwa sababu mimea hiyo miwili inavuta kaboni ya hewa kwa njia tofauti. Kipimo hicho hakifanyiki kwenye meza yangu. Kinachofanyika ni majivu. Bitiruti kavu iliyooshwa vizuri huacha majivu kama asilimia 8 au 9 kwenye tanuru la nyuzi 550. Sukari ya dukani haiachi karibu chochote. Nusu ya unga ikiwa sukari iliyotiwa, majivu nayo yanakuwa nusu. Angalizo: udongo usiooshwa huyapandisha, kwa hiyo yayeyushe majivu kwenye asidi uone kama kuna mchanga unaobaki chini.

Glukosi ikiwa kubwa na fruktosi ndogo, fikiria glukosi ya makopo. Na sukari ikishuka bila sababu, fikiria unga wa muhogo. Osha rangi kwa ethanoli, chemsha masalio kwa maji, poza, kisha dondosha iodini. Poza kweli, maana kwenye moto wanga haugeuki rangi hata ukiwa tele. Bitiruti haina wanga wa kutosha kuleta weusi wa bluu. Ukiuona, kuna kitu kutoka shamba jingine.

Majivu ya mama yalitoka 8.2, mchanga hakuna, iodini haikugeuka. Nikamwandikia cheti chenye sukari tatu kila moja na namba yake, unyevu pembeni, na mstari unaosema ni kwa msingi wa unga mkavu. Nikamshauri vipande avipitishe kwenye mvuke dakika chache kabla ya kuvianika, ili kimeng'enya kife. Mvuke ni bora kuliko kuzamisha, kwa sababu maji ya kuzamisha huondoka na sukari na rangi.

Akanionyesha lebo yake: "Haina sukari." Nikamwambia, mama, hapa mnunuzi ana haki. Watu wa presha wananunua unga huu kwa ajili ya nitrati, na wengi wao wana kisukari pia. Kijiko cha chakula cha gramu 10 kina gramu 5 za sukari, sawasawa na kijiko cha chai cha ile ya kwenye kopo. Akatoa kalamu kwenye mkoba, akaongeza neno moja mwishoni, iliyoongezwa, kisha akaniuliza zile gramu 5 aziandike mbele au nyuma ya pakiti.